Titi la Kulia: Kutoka Fizi Hadi Elisabethville na Kurudi

Niliondoka Fizi kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye titi langu la kulia. Habari ya safari ile nimeulizwa na watu wengi: bamama wa Baraka, wauza mihogo wa Mboko, hata wanaume wanaojifanya wanataka kujua habari za treni tu. Basi naisimulia hapa yote, tangu kutoka mpaka kurudi, ili anayetaka kuijua aijue jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado ndio wenye nchi. Jina langu Ana, lakini watu waliniita Mama Wilondja, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu, Alimasi, alikuwa seremala pale Fizi. Mimi niliwafundisha wasichana kushona katika darasa la misheni. Uvimbe niliugundua nikiwa kazini, nimeinama juu ya cherehani, kifua kimegusa ukingo wa meza. Nikahisi kitu kigumu, kidogo kama punje ya mahindi. Hakikuuma, na kwa kuwa hakikuuma nikaendelea kushona. Mvua zilipokwisha kilikuwa kimefika ukubwa wa kokwa ya mchikichi, na ngozi iliyokuwa juu yake ilikuwa imejikunja, kama kitambaa kilichovutwa na uzi uliokazwa mno. Hapo ndipo nilipomwambia Alimasi.

Alimasi aliweka randa chini, akanawa mikono, akanipeleka kwenye zahanati. Muuguzi wa pale alinipima, akatuambia daktari wa serikali angepita Baraka siku chache baadaye, na kwamba hiyo haikuwa nafasi ya kuikosa.

Kutoka Fizi tulishuka kwa lori la pamba. Barabara ile mnaijua, inavyojipinda mlimani mpaka ziwa linatokea chini ghafla, bluu, na masikio yanaziba. Nilikaa juu ya magunia, mkono wa Alimasi mgongoni mwangu, na nilikuwa nikiwaza mambo ya ovyo: nani angewafundisha wasichana kutia mikono kwenye gauni, maana hapo ndipo wote huharibu.

Baraka tulimkuta daktari kwenye chumba cha nyuma cha zahanati. Alikuwa Mbelgiji mwembamba mwenye macho ya kuchoka. Alinibonyeza titi, kisha akaingiza vidole kwapani akakaa humo kwa muda mrefu. Alisema Kifaransa, na muuguzi mmoja Mubembe, mtu wa kabila letu, akatufasiria.

"Mama, hii hapana jipu. Banaiita kansere. Fasi ya kuitibu, hospitali yake, iko mbali, Elisabethville ya Katanga. Banakata, kiisha banachoma na mashini. Dokta anasema ukienda sasa, njia ingali iko."

"Na nisipoenda?" niliuliza.

Muuguzi hakumfasiria daktari swali hilo. Alinijibu mwenyewe, kwa Kibembe, kwa sauti ya chini, kwamba yeye kama ningekuwa dada yake angekuwa ameshanifungia mzigo.

Jioni ile, nyumbani kwa dada yake Alimasi hapo Baraka, ndugu walikaa kuzungumza. Elisabethville wengine walikuwa hawajawahi hata kukutana na mtu aliyefika huko. Mjomba mmoja alisema huko wanakata watu na hawarudi. Alimasi alitaka kwenda na mimi, lakini watoto wangebaki na nani, na yeye alikuwa na paa la shule mikononi mwake, na serikali haikutoa ruhusa ya safari kirahisi. Ndipo mama yake, Mama Mwayuma, aliyekuwa ameshuka na sisi pamoja na watoto, aliposema:

"Miye njo nitaenda naye."

Kusikia kwamba yeye ndiye atakayekwenda, watu walicheka. Mama Mwayuma alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyewahi kupita Baraka wala kukanyaga chombo cha maji. Ziwa lenyewe alikuwa akilitazama kwa mashaka.

"Munacheka nini?" alisema. "Iko nani hapa anajua kumupikia kunipita miye?"

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana kwa miaka yote ya ndoa yangu hatukuwa maadui, lakini hatukuwa marafiki pia. Alikuwa mama mkwe na mimi mkaza mwana, kila mtu na jiko lake.

Daktari alipokwisha kutuandikia karatasi ya ruhusa, mimi na mama mkwe, tuliondoka Baraka kwa mashua ya injini iliyopakia pamba na watu. Wilondja alinishika kanga mpaka Alimasi akamnyanyua. Wale wadogo wawili walikuwa wakicheza na kamba za mashua, na nikashukuru kwamba hawakuelewa. Mama Mwayuma aliingia chomboni akiwa amefumba macho. Aliyafumbua tulipokwisha kuwa mbali na nchi kavu, akatazama huku na huku, akasema kwa hasira, "Maji mengi hivi, ya nini?" Hata mimi niliyekuwa nimejaa machozi nilicheka.

Kazimia tulisimama kupakia samaki. Tulipokewa na Mama Kiza, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, jamaa ya mwenye mashua. Uani kwake palikuwa panameta ndagala waliotandazwa kwenye mchanga, na harufu yao ilitufikia kabla ya salamu.

"Munaenda wapi na hizo nyuso za kilio?" alituuliza.

"Elisabethville," alijibu Mama Mwayuma. "Tunaenda kukatwa."

"Kukatwa nini?"

"Titi."

Mama Kiza alinitazama kifuani, akatazama pembeni, akafikiri kidogo.

"Basi, mukule kwanza," alisema.

Alitupa bugali na samaki mbichi wa kuchemsha, na wakati wa kuondoka alitufungia ndagala wakavu katika jani la mgomba, furushi kubwa, akakataa kusikia habari ya malipo. "Mutanilipa na salamu mukirudia hapa," alisema, akinitazama mimi. Hakusema *kama*. Neno lake lile la kurudi nililibeba kuliko furushi lenyewe.

Albertville, mwisho wa safari ya maji, tulilala kwa watu wa kanisa letu, kisha tukapanda treni. Sitaisimulia sana treni, maana aliyeipanda anaijua na asiyeipanda hataniamini. Niseme tu kwamba Mama Mwayuma aliishika mbao ya kiti kwa mikono miwili mpaka Kabalo. Pale alipoona mto mkubwa aliuliza kama lile ni ziwa letu limetufuata. Kila kituo wanawake walileta karanga na ndizi madirishani, na yeye aliwajibu wote kwa Kibembe, kwa sauti kubwa, kana kwamba kosa lilikuwa masikio yao. Alipata alichotaka kila mara. Mimi nilisinzia begani kwake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumlalia.

Elisabethville ilikuwa na baridi kavu na vumbi jekundu, na bomba refu la moshi la kiwanda lililoonekana kutoka kila mahali. Hospitali ya Waafrika ilikuwa na majengo mengi marefu, na nyuma yake kulikuwa na uwanja wa majiko ambapo jamaa za wagonjwa walipika. Wodi yetu ilikuwa chini ya sista mmoja mzee wa Kizungu, mwenye mashavu mekundu, ambaye wagonjwa wote walimwita Masere. Alisema Kiswahili cha Katanga bila kusita.

"Mama wa Fizi, karibu," aliniambia. "Hapana kuogopa mbele ya siku. Kila siku iko na woga yake ya kutosha."

Siku ya kukatwa nilivutishwa dawa kwa kitambaa puani, na nilipoamka kifua kizima kilikuwa kimefungwa bendeji. Mama Mwayuma alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, mkono wake juu ya mguu wangu.

"Bamekata," alisema. "Leo usiangalie."

Sikuangalia. Bendeji zilipofunguliwa ndipo nilipoona. Upande wa kulia ulikuwa bapa, na mshono ulitoka kwapani ukashuka mpaka katikati ya kifua. Mimi ni mshonaji, na kwanza niliutazama kama mshonaji. Nikaona wameshona vizuri, kwa hatua zilizolingana, na mwisho wameukaza sawasawa. Kisha nikalia mpaka Masere akaja kuvuta pazia.

Kitanda cha jirani alilala Mama Kapinga, mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa Kasai. Alikuwa na ugonjwa kama wangu, naye alikuwa amenitangulia kukatwa. Ndiye aliyenifundisha kuupandisha mkono. Unasimama mbele ya ukuta, unaweka vidole, unavitembeza kwenda juu kidogo kidogo kama buibui, mpaka maumivu yakuambie simama. Kesho yake unapita pale kidogo. Bila hivyo mkono unakauka. Nilikuwa nikiweka alama ukutani kwa ukucha, na Mama Kapinga alikuwa akinitania kwamba ukuta ule utaanguka kabla sijafika kwenye dari.

Kidonda kilipofunga nilianza kupelekwa kwenye mashine. Hapo ndipo wengi huniuliza zaidi, basi nitaeleza. Kilikuwa chumba chenye mlango mzito. Fundi wa mashine alinichora kifuani kwa wino wa zambarau, mistari na pembe, kama fundi wa nguo anavyochora kitambaa kabla ya kukata, akaniambia mistari hiyo isiguswe na maji. Akanilaza, akatoka, akafunga mlango. Mashine ikanguruma. Hapana moto ulioonekana, hapana maumivu. Nililala nikitazama dari, nikaimba wimbo wa kanisa moyoni, na kabla haujaisha mlango ulifunguliwa. Siku ile nilirudi wodini nikisema, kumbe ni hivi tu?

Sikujua kwamba moto wa mashine ile huja nyuma, polepole. Kwanza ulikuja uchovu. Si uchovu wa kulima au wa kuamkia mtoto, ambao usingizi huuondoa. Huu nililala nao na kuamka nao. Kutoka kitandani hadi mlangoni nilipumzika njiani. Kisha chakula kikageuka. Bugali ulikuwa na ladha ya chuma, chai ilikuwa na ladha ya chuma, na asubuhi tumbo lilipanda hata kwa harufu ya moshi wa majiko. Kumeza kukawa kama kumeza mchanga. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi kama iliyopitiwa na pasi ya moto, ikawasha, kisha ikaanza kubabuka na kutoa maji, hasa kwapani. Mkono nao ulivimba, vidole vikawa vinene, nikashindwa kufunga ngumi.

Kila asubuhi ilikuwa kazi. Kuamka, kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie. Kunywa uji vijiko viwili vitatu. Ukutani, vidole. Kwenye mashine. Kurudi, kulala. Mama Mwayuma alikuwa ndiye saa yangu. Alijaribu vyakula vyote vya uwanja ule, akauliza wanawake wa makabila asiyoyajua, akaonja, akatupa, akaanza tena. Mwishowe aligundua kwamba supu ya wale ndagala wa Kazimia, iliyochujwa na kukamuliwa ndimu, ilikaa tumboni. Nilipomaliza bakuli la kwanza bila kutapika alitoka nje. Nilimwona dirishani akiinua mikono yote miwili, peke yake, katikati ya moshi.

Vita vyake vilikuwa na Masere. Mama Mwayuma alitaka kunipaka mafuta ya mawese pale ngozi ilipobabuka. Masere alikataza, alitaka pakae pakavu, paguswe na unga mweupe wa dawa tu.

"Mawese imeponesha batoto yangu yote!" Mama Mwayuma alipiga kelele.

"Batoto yako hawakupita ku mashini," alijibu Masere. "Mafuta na mashini hawasikilizane. Utamuunguza, mama."

Walibishana kila siku, na kila siku walikaa karibu zaidi, mpaka nikaamka mchana mmoja nikawakuta kwenye benchi moja, Mama Mwayuma akimfundisha Masere kusalimu kwa Kibembe, na Masere akikosea, na wote wawili wakicheka huku wamefunika vinywa ili wasiniamshe.

Nguo ya hospitali ilikuwa na mshono mnene uliopita palepale penye kidonda. Nilimwomba Masere shuka kuukuu na sindano. Nilikata blauzi isiyo na mshono upande wa kulia, ikifungwa kwa kamba begani na kiunoni, ili hewa ipite na kitambaa kisiguse. Mkono wa kulia haukuweza kushika mkasi, basi Mama Mwayuma alikata na mimi nikashona kwa kushoto, hatua mbaya za mtoto wa darasa la kwanza. Mama Kapinga aliivaa kuijaribu akakataa kuivua. Nikashona nyingine. Wakaja na wengine. Siku nilizokuwa na nguvu ya kushona kipande kimoja nilijiona mtu tena.

Lakini zilikuja siku mbaya kuliko hizo. Mama Kapinga alimaliza matibabu yake akaondoka na mumewe. Tulikumbatiana kwa upande mmoja, kama tunavyoweza. Sijui kama yu hai. Namwombea kama aliye hai. Kitanda chake kilikaa kitupu, na mimi nikawa sina hata nguvu ya kukitazama. Ngozi ya kwapani ilikuwa imefunguka. Asubuhi moja muuguzi alipokuja kunipeleka kwenye mashine niligeuka ukutani.

"Mama," nilimwambia Mama Mwayuma, "tufunge mizigo. Mi nimechoka. Kama ni kufa, nikafie Fizi na batoto yangu."

Nilitegemea alie au anisihi. Hakufanya hivyo. Alimwashiria yule aliyekuja kunichukua angoje mlangoni, akaketi kitandani, jambo ambalo Masere alikuwa amelikataza.

"Miye nilikuwa na dada," alisema. "We haukumujua. Alikuwa na hii yako. Titi ya kushoto. Hatukujua jina yake. Banasema ni bulozi, ni uchawi, bakamujengea kanyumba nyuma ya nyumba, juu ya harufu. Ikapasuka. Hakuna muntu aliweza kuingia mule. Miye njo niliingia. Miye njo nilimuosha asubuhi na magaribi, mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anaomba kitu kimoja: kama kuko fasi, hata mbali namna gani, bamupeleke. Hakukuwa fasi, Ana."

Hakuwa amewahi kuniita Ana. Siku zote nilikuwa Mama Wilondja.

"Weye, fasi iko," alisema. "Mulango njo ule pale. Simama."

Nilisimama. Alinishika upande wa kushoto, tukaenda pamoja hadi kwenye mlango mzito, na nilipotoka alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, pua yake karibu iguse mbao.

Sikuomba tena kurudi kabla ya wakati. Siku ya mwisho daktari wa mashine, Mbelgiji kijana, alinipima shingoni na kwapani, akaniambia kupitia Masere: "Hatusemi umepona. Tunasema tumefanya yote iko ya kufanya, na ya leo ni mazuri. Kila dokta akipita Baraka, uende akuangalie. Hapana kuruka hata mara moja." Nilipenda kwamba hakunidanganya. Masere alimuaga Mama Mwayuma kwa Kibembe. Alikosea, na safari hii hakuna aliyemsahihisha.

Njia ya kurudi niliiona kwa macho mengine. Kwenye treni nilikula karanga, na zilikuwa na ladha ya karanga. Ziwa lilipotokea Albertville, Mama Mwayuma alivuta pumzi akasema, "Sasa haya njo maji," kana kwamba aliyaumba. Kazimia, Mama Kiza alituona kutoka mbali akaja mbio hadi majini na nguo zake.

"Salamu zako hizi hapa," nilimwambia.

Alinishika uso kwa mikono yenye magamba ya samaki. "Deni imeisha," alisema.

Baraka, Alimasi alikuwa ufukweni na watoto wote watatu. Wilondja alinirukia na Alimasi akamdaka kwa wakati, akamgeuzia upande wangu wa kushoto. Yule wa mwisho alijificha nyuma ya baba yake akanichungulia. Nilikuwa nimekonda, na pengine hakuwa na hakika. Nilikaa mchangani nikamngoja. Alikuja mwenyewe, akakaa karibu, akanigusa vidole vilivyovimba kimoja kimoja.

Fizi, usiku wa kwanza nilivua nguo nikiwa nimempa Alimasi mgongo.

"Nionyeshe," alisema.

Niligeuka. Aliweka kiganja pale mahali, polepole, mkono mzito wa seremala.

"Inauma?"

"Inawasha tu."

Alitikisa kichwa. Baadaye, tulipokwisha kulala, alisema: "Tangu uende sikutengeneza sanduku ya maiti hata moja. Bakikuja, naambia mbao imeisha." Kisha akageuka akalala. Kesho yake nilimsikia mapema kuliko kawaida akipiga randa, na kupiga mluzi.

Nisiseme kwamba kufika nyumbani kulikuwa mwisho. Uchovu ulikaa na mimi mpaka mvua nyingine. Nililala katikati ya chakula, watoto wakacheka. Ndoo ya maji nikiibeba kwa mkono wa kulia, jioni mkono ulijaa kama mguu wa tembo, basi nilijifunza kubeba kwa kushoto, kulala mkono umeinuliwa juu ya mto, na kuomba msaada, hilo la mwisho likiwa gumu kuliko yote. Katika darasa nilishona pindo moja, wasichana wakamalizia gauni. Majirani wengine waliogopa kunywea kikombe changu. Lakini mama mmoja wa wafugaji wa milimani, wale wanaosema Kinyarwanda, aliyekuwa akishuka kuuza siagi, alisikia kwamba chakula kinanishinda. Alileta kibuyu cha maziwa. "Kunywa, mama, haya hayana haja ya meno," alisema. Akaleta tena na tena. Mama Mwayuma, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na neno jema kwa watu wa ng'ombe, alimtafutia kiti chenye mgongo.

Kwa muda mrefu nilioga nyumbani, ndani ya uzio. Mama Mwayuma ndiye aliyechoka na jambo hilo. Siku moja alichukua sabuni yangu akaenda nayo mtoni wanakooga wanawake, nikalazimika kuifuata. Nilivua. Maneno yalikatika pale majini kama mtu amezima redio. Mwanamke mmoja kijana, mama wa mtoto mchanga, Mapenzi jina lake, ndiye aliyeuliza:

"Yaya, dada yangu, inaumaga?"

"Haiumi tena."

"Basi leta mugongo, nikusugue."

Akanisugua, na maneno yakarudi: samaki, wanaume, bei ya chumvi. Wote walipoondoka Mapenzi alibaki akijifanya anakamua nguo. Kisha alishika mkono wangu akauweka kwenye titi lake. Kulikuwa na kitu pale, kigumu, cha moto.

"Tangu lini?"

"Tangu juma iliyopita. Sijamuambia muntu."

Nilijua woga uliokuwa machoni mwake. Nilikuwa nimetembea nao mpaka Elisabethville. Sikumwambia si kitu, wala sikumwambia ni kitu. Nilimwambia tunashuka Baraka kesho. Tulipanda lori pamoja, mtoto mgongoni, Mama Mwayuma akitupungia barabarani. Muuguzi yule yule aliyenifasiria alimpima, akatabasamu, akasema ni jipu la maziwa. Alilitumbua palepale. Mapenzi alipiga yowe moja, kisha akaanza kucheka na kulia, na mtoto akalia, na mimi nikacheka.

Ndicho nilichokileta kutoka safari ile, na ndicho ninachowaachia nyinyi mliosoma mpaka hapa: msingoje mpaka uvimbe uanze kuuma, na msiende peke yenu. Mengine yote wanayajua madaktari. Mimi bado niko, mkono wangu unavimba siku za baridi, na kila daktari akipita nashuka kupimwa kama nilivyoagizwa. Siku ile tulirudi Fizi juu ya magunia, upepo wa ziwa nyuma yetu, Mapenzi akimnyonyesha mtoto kwa titi lile jingine. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa jipu kama nilivyomshukuru siku hiyo.